Mkora Amejuaje Jina la Mtoto?

Mzazi wa Malakisi ameuza mahindi, pesa za karo ziko kwa simu. Ujumbe unaingia: namba ya Paybill ya shule imebadilika, lipa hapa. Jina la mtoto ni sahihi, gredi ni sahihi, hata salio la karo. Nani hangelipa?

Sisi tunaona kumlaumu mzazi huyu ni makosa. Mkora hakuota hayo majina. Yametoka mahali: pengine kompyuta ya ofisi ambayo nywila yake inajulikana na kila mtu, ama orodha iliyotumwa WhatsApp.

Shule ifunge mlango huo. Na data ikivuja, isinyamaze kwa aibu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaipa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data, na wazazi pia waambiwe. Tunasisitiza wazazi kwa sababu ndio watatumiwa huo ujumbe.

Nawe mzazi, ukipata namba mpya, pigia shule kwanza, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyo kwenye ujumbe.