NGUVU YA MKONGE ISITUPOTEE

Mkonge si mgeni kwetu. Miche yake ililetwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilikuwa ikitoa tani 230,000 hivi za katani kwa mwaka. Kisha zikaja kamba za plastiki zenye bei rahisi. Soko la katani likaanguka, na mashamba mengi yakageuka pori.

Leo mambo yamepinduka. Plastiki ile ile iliyouangusha mkonge sasa yauhitaji. Huko Ujerumani, viwanda vya magari huchanganya plastiki na nyuzi za mimea, katani ikiwa miongoni mwake, vikapata vibao vya ndani vya milango, vyepesi na imara.

Lakini katani na plastiki hazipatani hivi hivi. Uzi wa katani hupenda maji, plastiki huyakataa. Tena uzi huo umevikwa nta. Mzigo ukizidi, viwili hivyo huachana. Dawa yake ni kuulowesha uzi katika maji ya kostiki, ile ile waijuayo watengenezaji wa sabuni. Kostiki huondoa nta na kuukwaruza uso wa uzi, plastiki ikapata pa kushika. Asili ya kazi hiyo ni ya John Mercer wa Uingereza, aliyeipatia hataza mwaka 1850 kwa ajili ya pamba. Mara nyingi sehemu 5 katika 100 hutosha. Ikizidi mno, kostiki huula uzi wenyewe.

Basi twauliza: kwa nini tuuze uzi mtupu, kisha tununue kibao? Kuutayarisha uzi hakutaki mtambo mkubwa: pipa, mizani, saa, maji safi na mahali pa kukaushia. Twaona yafaa mafundi vijana wa Babati wafundishwe kazi hii, waanze na vigae na vibao vya dari. Hatusemi wajenge nguzo za nyumba kwa katani; kila kitu na kazi yake.

Hata hivyo twatahadharisha. Kostiki huunguza ngozi na macho. Asiishike mtu pasipo glovu na miwani. Wala maji yake yasiachwe kutiririkia Ziwa Babati, wavuvi wetu wapatamo riziki. Kwanza ukali wake uzimwe kwa asidi, na yapimwe.

Ndugu zetu, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Uzi tunao, uliobaki ni ujuzi, nao hufundishika.