Sumu Isiyo Rangi Wala Harufu

Mpenzi msomaji, ukitaka kutawadha huyatazama maji kwa mambo matatu: rangi, ladha na harufu. Yakiwa hayakugeuka kwa najisi, hutawadha ukasali. Hiyo ni hukumu ya tohara, nasi hatuna neno juu yake. Lakini iko sumu isiyojulikana kwa rangi, wala ladha, wala harufu, nayo yateremka na mito ya Usambara.

Katika mabonde ya Lushoto hulimwa kabichi, nyanya na karoti kandokando ya vijito. Wako wakulima wapigao dawa, kisha bomba wakaliosha mtoni na kopo tupu wakalitupa papo hapo. Mvua ikinyesha, udongo wa miteremko huteremka pamoja na dawa iliyonata. Na dawa ya kuua viwavi haichagui: ikifika mtoni huua pia vidudu ambavyo ni chakula cha samaki.

Usiseme, "Hayo ni ya Washambaa." Maji ya Soni hushuka Mombo, yakaingia Mkomazi, na Mkomazi humwagikia mto Pangani. Mto Umba nao hutoka msitu wa Shagayu, ukaishia baharini karibu na Vanga. Mwisho wa mito hiyo ni kwetu pwani.

Wala usidhani kila kiuzwacho dukani ni salama. Endosulfani iliuzwa miaka mingi, hata mwaka 2011 Mkataba wa Stockholm ukaitia katika orodha ya sumu za kukomeshwa. Klopirifosi ikafuata mwaka 2025.

Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyosimama. Ikiwa mkojo umekatazwa, itakuwaje sumu?

Lakini tusimtwike mkulima lawama yote. Sokoni, ni nani alikataaye kabichi kwa tundu moja la kiwavi, akachagua ling'aalo? Ni mimi na wewe! Mkulima huongeza dawa ili atupendeze sisi, kisha twamlaumu kwa sumu tuliyomwagiza.

Basi tununue lenye tundu. Muuza dawa amweleze mnunuzi madhara yake. Mkulima aoshe bomba mbali na mto. Wenye mamlaka wayapime maji, na makhatibu waliseme jambo hili mimbarini. Maji ni amana, na kila mwenye amana ataulizwa.

Wabillahi tawfiq.