Ni Neno Gani Limepungua?

Hapa kwetu Uganda wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kufundisha uhandisi. Nawapinga kwa mfano mmoja. Kebo ya omu 50 ikiunganishwa na antena ya omu 100, sehemu moja ya tisa ya nguvu inayofika hapo hurudi ilikotoka, mithili ya mwangwi. Dawa yake ni kipande kifupi cha kebo, kilichopigwa shoti mwishoni, kinachounganishwa ubavuni mwa kebo kuu. Mahali pake na urefu wake vikipimwa sawasawa, mwangwi wake huufuta ule wa kwanza, na takribani nguvu yote huingia kwenye antena. Ukibadilisha masafa, pima upya. Mhadhiri anayesema lugha haitoshi, atuoneshe neno lililopungua hapo.