Sanamu Isiyo na Uso

Msomaji, watu wengi husema kuwa sanamu isiyo na macho, pua wala mdomo si sanamu, bali ni gogo lililoharibiwa. Maneno haya husemwa sana, na kwa kuwa husemwa sana hudhaniwa kuwa kweli. Mimi nayakana.

Wewe ukaaye West Indies, hapa Eldoret, unao ushahidi mlangoni pako. Mara ngapi umewaona wanariadha wakipita alfajiri? Wapitapo kwa kasi huoni kope wala vifungo. Waona mkunjo wa goti, mwinamo wa kifua, na hewa iliyopasuliwa. Mwendo hauna uso. Basi kwa nini mchongaji wa mwendo adaiwe uso?

Husemwa pia kuwa sanaa hii ni kuiga Ulaya. Ni kweli kwamba Umberto Boccioni wa Italia aliumba mwaka 1913 mtu atembeaye, asiye na mikono, ambaye mwili wake wapeperuka kama mwali wa moto. Sanamu hiyo imo katika sarafu ya Italia ya senti 20 za yuro. Lakini huyo hakuwa mwalimu wa Wamakonde. Samaki Likankoa alichonga vinyago vya mashetani Dar es Salaam katika miaka ya 1950, na baadaye ukazuka mtindo uitwao mawingu. Mpingo ni mti mzito uzamao majini. Hata hivyo mchongaji huupinda na kuutoboa mpaka ukafanana na wingu lisukumwalo na upepo. Kuufanya mzito uelee si kazi ya mvivu.

Sikatai kuwa zipo kazi mbovu zijifichazo nyuma ya jina la sanaa. Zipime hivi: izunguke sanamu. Jicho lako likienda nayo, ina uhai. Likisimama, imekufa, hata ikiwa na kope zote.

Eldoret ilipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, na jiji hutaka kumbukumbu za mashujaa wake. Tukidai nyuso tu, tutawasimamisha wakimbiaji wetu kama nguzo. Na kijana achongaye mbio, akachekwa darasani, ataitupa patasi yake. Msomaji, usiwe miongoni mwa wachekao. Asiyejua maana haambiwi maana. Wewe sasa umeambiwa.