Kanuni ya Joto na Umeme Isomeshwe kwa Ukamilifu

Kuna kanuni ambayo wanafunzi wetu huikariri hadi ikaota mizizi: kwamba kitu kipitishacho umeme vyema hupitisha joto vyema pia, na kisichopitisha umeme huzuia joto. Mwiko wa mti na mpini wa plastiki hutolewa kuwa mashahidi. Kwa metali, kanuni hii haina kasoro kubwa. Wajerumani wawili, Gustav Wiedemann na Rudolph Franz, waliionyesha mwaka wa 1853. Kosa letu ni kuivusha mpaka wa metali na kuifanya sheria ya vitu vyote.

Hebu tuitazame treni ya umeme. Vipande vya silikoni vinavyoongoza mota zake hupata moto mkali, na moto huo usipoondolewa huungua. Vyahitaji kitako kitakachofyonza joto upesi, lakini kisiruhusu umeme kupenya hata chembe. Shaba haifai, kwani huupitisha umeme. Plastiki nayo hulifungia joto ndani. Kinachofaa ni kauri, naam, ndugu ya kikombe cha chai!

Upitishaji wa joto hupimwa kwa wati kwa kila mita kwa kila digrii. Kioo cha dirisha hupitisha wati 1 hivi, kauri ya alumina 20 hadi 30, na shaba 400. Aluminiamu naitraidi iliyotengenezwa vyema hufikisha 170 na hata 200, isiachwe mbali sana na aluminiamu ya sufuria zetu, ilhali umeme haupiti. Almasi huishinda shaba yenyewe mara kadhaa.

Je, yawezekanaje? Katika metali, elektroni zilizo huru hubeba umeme na joto pamoja. Katika kauri elektroni zimefungwa, hivyo joto husafiri kwa mitetemo ya atomi, kila moja ikimsukuma jirani yake. Mwaka wa 1973 Mmarekani Glen Slack alieleza sifa zinazosaidia safari hiyo: atomi nyepesi, vifungo imara, na mpangilio sahili. Uchafu huivuruga. Oksijeni kidogo tu ikijipenyeza ndani ya aluminiamu naitraidi, joto hukwama njiani. Ndiyo sababu watengenezaji huchanganya oksaidi ya itriamu ili iinase.

Huenda mwalimu akasema haya ni ya chuo kikuu. Sikubaliani naye. Ipo kauri nyingine ya aina hii, berilia, iliyotumika katika baadhi ya transista za zamani za mitambo ya redio. Ikiwa nzima haidhuru, lakini vumbi lake likivutwa laweza kuleta ugonjwa wa mapafu usio na tiba ya kuumaliza. Kijana aliyefunzwa kwamba kauri ni udongo uzuiao joto, basi, atakiona kipande hicho cheupe kuwa kigae tu, akivunje kwa nyundo au akipige tupa akitafuta shaba. Vijana wanaofungua mitambo mikuukuu si wachache.

Walimu wanaosahihisha mitihani wasimnyime alama mwanafunzi atakayetaja almasi kuwa kinyume cha kanuni. Nao watungaji wa vitabu vya kiada waongeze maneno mawili, "kwa metali", mwanzoni mwa kanuni hiyo. Hayatajaza hata nusu ya mstari.