Gemu Mpya, Vidole vya Zamani

Gemu ya mpira ikitoka toleo jipya, vidole ndivyo vinavyoihukumu kwanza. Katika mabanda ya gemu ya Arusha, kuanzia Ngarenaro na Kaloleni hadi Sakina, Mbauda na Usa River chini ya Mlima Meru, gemu mbili zimewagawa vijana kwa miaka mingi: PES ya kampuni ya Konami ya Japani, ambayo wakubwa bado huiita Winning Eleven, na FIFA ya kampuni ya EA ya Marekani. Kinachowatenganisha mashabiki wake kiko kwenye vitufe. Katika PES mraba ni shuti na duara ni krosi. Katika FIFA imegeuzwa, duara ndiyo shuti na mraba ndiyo krosi. Kijana aliyekulia kwenye PES akipewa pedi ya FIFA hujulikana mara moja. Anamtoka beki wa mwisho, anabaki yeye na kipa, anabonyeza mraba kwa nguvu zote, na mpira unapaa kwenda pembeni ambako hakuna mtu. Benchi zima linalipuka kwa kelele. Kucheza anajua, ila mkono wake unakumbuka gemu nyingine.

Kumbukumbu hiyo ya mkono ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya hasira zinazozuka kila gemu inapotoa mwendelezo. Wasiocheza huiona hasira hiyo kuwa utoto, au woga wa mambo mapya, na hapo hawawatendei haki wachezaji. Banda la kawaida lina televisheni mbili tatu, benchi za mbao na utaratibu unaojulikana na kila mtu: malipo ni kwa mechi, na mahali pengi anayefungwa ndiye anayetoa hela au anayepisha. Anayejua sana hukaa na pedi mchana kutwa kwa hela kidogo. Ujuzi wake ameujenga kwa miezi. Anajua shuti la umbali gani halidakiki, pasi ya kupenyeza ipigwe lini ili mkimbiaji asiotee, na kipa wa kwenye gemu huwahi kwenda upande gani. Toleo jipya likipunguza kasi ya pasi au likibadili uzito wa mpira, mtaji huo unafutika kwa siku moja, na bingwa wa mtaa anaanza sawa na mtoto aliyeshika pedi juzi. Ana haki ya kulalamika.

Hata hivyo mashabiki hawa si wagumu kuridhika. PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na huku ikadumu kwa sababu ilistahimili vumbi, umeme wa kukatika na CD za kuchoma. Gemu iliyoipa heshima kubwa ni PES 6 ya mwaka 2006. Leseni zake zilikuwa pungufu: Liverpool iliitwa Merseyside Red, Chelsea ikaitwa London FC. Watu walizoea. Shuti la Adriano wa Inter lilitosha kumaliza ubishi, na kwenye Master League, ambako mchezaji huanza na kikosi cha watu wasiokuwepo duniani, jina la Castolo lilizoeleka kama la mtu wa mtaani. Majina ya uongo yalisamehewa kwa kuwa mpira wenyewe ulichezeka vizuri. Kipimo hicho cha mashabiki kinaeleza karibu kila kilichotokea baadaye.

Mtikisiko wa kwanza ulikuja na PES 2014, iliyotoka mwaka 2013. Konami iliijenga juu ya injini mpya, yaani programu ya msingi inayoendesha mwendo wa wachezaji na mpira, na kwenye PS3 na Xbox 360 ikatoka bila mechi za mvua zilizokuwepo miaka ya nyuma. Toleo hilo ndilo pia lililokuwa la mwisho la PES kwa PS2. Waliobaki na mashine ya zamani waliachwa barabarani.

Pigo kubwa zaidi lilikuja Septemba 30, 2021. Konami ililizika jina la PES na kutoa eFootball, gemu ya bure inayotegemea intaneti. Nyuso za wachezaji maarufu zilitoka zimepindapinda, wachezaji walipishana kama vivuli, na gemu ikawa miongoni mwa zilizopokewa vibaya kuliko zote katika duka la Steam. Haikupita wiki kampuni ikaomba radhi, na marekebisho makubwa yakaja Aprili 2022. Lakini kwa banda la gemu kasoro za nyuso zilikuwa jambo dogo. Siku ya kwanza gemu ilikuja na timu tisa tu, na Master League haikuwemo. Manchester United na Arsenal zilikuwepo. Liverpool, Chelsea na Real Madrid hazikuwepo. Banda huishi kwa mteja anayeingia na timu yake moyoni, na mwenye banda hawezi kumwambia shabiki wa Chelsea achukue River Plate. Juu ya hapo kuna bando. Gemu iliyokuwa CD moja na umeme wa LUKU sasa ilidai intaneti ya kudumu na masasisho mazito ya mara kwa mara, gharama ambayo mwenye banda wa Mbauda hana pa kuirudishia.

FIFA ilipita njia nyingine. Ushirika wa EA na FIFA, shirikisho la mpira la dunia, ulioanza na gemu ya mwaka 1993, ulikoma baada ya FIFA 23, na Septemba 2023 ikatoka EA Sports FC 24. Jina lililozoeleka kwa miaka thelathini liliondoka, na dunia ya gemu ilingoja kuona kishindo. Kwenye benchi hakikutokea. Vitufe ni vilevile, ligi zilibaki, na kijana anayeshika pedi bado anasema anacheza FIFA. Kampuni moja ilibadili jina na kuuacha mkono, nyingine ikabadili jina pamoja na mkono, timu na namna ya kulipa. Tofauti ya mapokezi haihitaji maelezo marefu zaidi.

Arusha haikuandamana wala kuandikia kampuni barua. Ilibaki na matoleo ya zamani, na kubaki huko ni hoja kamili, yenye nguvu kuliko matusi ya mtandaoni. PES 2013, PES 2017 na PES 2021 bado zinachezwa, zikiwa zimetiwa usajili wa msimu mpya na mashabiki wenyewe. Kwenye simu, programu ya PPSSPP iliyotoka mwaka 2012 inaendesha gemu za PSP, na vijana huzibadilisha faili za PES kila mwaka ili wachezaji wakae kwenye klabu zao za sasa. Kwenye Dream League Soccer jezi za Simba na Yanga huingizwa kwa mkono. Watu wanaofanya kazi hii hawaogopi mabadiliko. Wanayafanya wao, msimu kwa msimu, bila kugusa vitufe.

Upande wa kampuni nao una haki yake. Mashine mpya haziwezi kuendeshwa na programu za zamani milele, na hukumu ya wiki ya kwanza hukosea. Injini iliyopokewa kwa manung'uniko mwaka 2013 ndiyo iliyobeba PES 2017, inayoenziwa leo. Vilevile eFootball ya simu, kwa kuwa ni ya bure, imemfikia kijana wa Ngaramtoni au Tengeru asiye na PlayStation wala nauli ya kwenda bandani. Hilo ni jema la kweli. Kinacholitia doa ni biashara ya kununua wachezaji kwa bahati nasibu, ambayo EA nayo imeiendesha ndani ya Ultimate Team, sehemu ya gemu yake ya kukusanya wachezaji, tangu mwaka 2009. Ubelgiji iliihesabu kuwa kamari mwaka 2018, na EA ikaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo Januari 2019. Shabiki anayekataa badiliko la aina hii anamtetea mdogo wake mwenye simu na salio, wala hadai vya kale virudi.

Yapo pia malalamiko yasiyostahili kusikilizwa. Mwaka 2020, baada ya gemu ya The Last of Us Part II kutoka, mwigizaji Laura Bailey alitumiwa vitisho vya kuuawa kwa sababu ya mhusika aliyemwigizia sauti. FC 24 ilipowachanganya wachezaji wa kike na wa kiume katika Ultimate Team, sehemu ya kelele iliyofuata ilikuwa dharau kwa wanawake iliyovaa joho la uhalisia, kana kwamba watu hawakucheza miaka mingi na Castolo ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Badiliko ambalo halijawahi kukataliwa bandani ni lile linalomleta mtu wa nyumbani. Mbwana Samatta alipohamia Aston Villa kutoka Genk Januari 2020, Mtanzania aliyekwisha kuwemo kwenye FIFA alivaa jezi ya timu ya Ligi Kuu ya Uingereza, ligi ambayo kila banda linaifahamu. Sasa uwanja wa watazamaji 30,000 unajengwa Olmoti, Arusha, kwa ajili ya AFCON 2027. Kwa mwenendo wa miaka hii, nafasi kubwa ya kuuona kwanza kwenye televisheni ya banda iko mikononi mwa kijana mwenye kompyuta chakavu na PES 2017, atakayeuchora jukwaa kwa jukwaa na kuuweka mahali pa uwanja mwingine, huku mraba ukibaki kuwa shuti.