Windows Uliyoilipia Usikubali Ifutwe
KAULI YA NYANDA ZA JUU
Na Tumaini Mwasenga

Kwenye steshenari na vibanda vya mafundi kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, hapa Mbalizi, mali za watu zinafutwa huku wenyewe wakitazama. Mteja analeta kompyuta aliyoinunua juzi, fundi anachomeka flashi, anaformati, anapiga Windows, anapokea pesa yake, na mteja anaondoka akishukuru. Hakuna aliyemwambia kwamba mashine ile ilikuja na leseni halali, iliyokwisha kulipiwa, na kwamba sasa anarudi nyumbani na Windows ya kukraki.

Nalisema hili sasa kwa sababu huu ni msimu wa watu kubadilisha mashine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida. Windows 11 nayo inachagua: inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64, na kwa prosesa za Intel inataka kwa kawaida kizazi cha nane kuja juu. Kompyuta nyingi za mtumba zilizotoka kwenye maofisi ya Ulaya, zikauzwa Kariakoo na kupanda basi hadi Mwanjelwa na huku kwetu, ni za nyuma ya hapo. Wenye uwezo wanatafuta nyingine, na swali linalofuata ni la haki kabisa: ile Windows niliyoinunua, nahama nayo au naiacha?

Jibu linategemea uliinunuaje. Iko leseni ya rejareja, ile mtu anayoinunua peke yake dukani au mtandaoni. Hiyo ni yako na unahama nayo. Masharti ya Microsoft wenyewe yanakuruhusu kuitoa kwenye mashine ya zamani na kuiweka kwenye mpya, ilimradi isifanye kazi kwenye mbili kwa wakati mmoja. Ya pili ni ile inayokuja na kompyuta kutoka kiwandani, ambayo mafundi huiita OEM. Hiyo imefungwa kwenye mashine kama namba ya chesisi ilivyofungwa kwenye gari. Ukiiuza mashine, leseni inakwenda na mnunuzi. Madabodi ikifa, kwa kawaida leseni nayo imekwisha. Ya tatu ni ya jumla, ambayo taasisi hununua kwa ajili ya mashine zake zote. Mtumishi akistaafu haondoki nayo.

Mama mmoja mwenye steshenari, jirani na stendi yetu, aliunguliwa na kompyuta umeme uliporudi kwa kishindo. Akanunua nyingine. Alipomuuliza fundi kuhusu Windows yake ya zamani, ambayo aliilipia Dar es Salaam na kupewa risiti, alijibiwa, "Mama, ile imekufa na mashine. Tupige nyingine tu." Mama hakubishana. Alivuta droo, akatoa bahasha yenye risiti na kikaratasi cha ufunguo, zile herufi na tarakimu 25 zilizogawanywa tano tano. "Hebu jaribu kwanza hii, mwanangu." Kijana akafungua mipangilio ya mfumo, akaingia sehemu ya leseni, akaandika ufunguo ule taratibu huku mama akimsomea. Dakika chache baadaye Windows ilikuwa imethibitishwa. Ilikuwa ya rejareja, na kuungua kwa mashine hakukuifuta haki yake.

Yule kijana hakuwa mwongo. Alifundishwa kazi kwa flashi moja yenye Windows moja, na anaipiga hiyo hiyo kwa kila mteja. Hapo ndipo hasara inapoanzia. Tangu enzi za Windows 8, mwaka 2012, watengenezaji wengi wa kompyuta waliacha kubandika stika yenye ufunguo chini ya mashine, wakauweka ndani, kwenye chipu ya madabodi. Mashine iliyotoka kiwandani na Windows 10 Home ukiipiga upya Home ile ile na kuiunganisha na intaneti, hujithibitisha yenyewe bila kuandika ufunguo wowote. Lakini fundi akiipiga Pro, kwa kuwa ndiyo iliyomo kwenye flashi yake, ufunguo uliomo ndani haulingani, na kinachobaki ni kukraki. Mteja aliyekuwa na mali halali anageuzwa mtumiaji wa kopi haramu, tena kwa pesa yake mwenyewe.

Kujua leseni yako ni ya aina gani ni kazi ya dakika moja. Fungua dirisha la amri, andika slmgr, acha nafasi, kisha /dli, halafu bonyeza Enter. Kitatokea kiboksi kidogo, na ndani yake utaona neno RETAIL, OEM au VOLUME. Ukiona RETAIL na unataka kuhama, iondoe kwanza kwenye mashine ya zamani kwa amri ya slmgr /upk, kisha uandike ufunguo kwenye mpya. Kama leseni yako ni ya kidijitali na hukupewa karatasi, iunganishe na akaunti yako ya Microsoft mashine ya zamani ikiwa bado inawaka. Ukiona VOLUME yenye neno KMS kwenye kompyuta yako binafsi, ujue hapo pana shaka. Uthibitisho wa namna hiyo hudumu siku 180 kisha hutaka kuhuishwa na seva ya taasisi. Ndiyo maana wapo wanaorudi kwa fundi baada ya miezi wakilalamika kwamba "Windows imeisha."

Tena hasara haiishii kwenye leseni. Programu nyingi za kukraki hukutaka uzime antivirus kabla ya kuziweka, na ukishaizima umemfungulia mlango mtu usiyemjua. Sasa fikiria kompyuta ya steshenari imebeba nini: vyeti vya wahitimu, namba za NIDA, maombi ya mikopo ya HESLB, barua za ajira, mikataba ya mashamba. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu katika nchi nyingi duniani, wakati marekebisho ya kukizuia yalikuwa yametolewa tangu Machi. Waliopona ni waliokuwa wameyapokea kwa wakati. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Mwenye steshenari anayefanya kazi juu ya kopi ya kukraki atajitetea vipi?

Wapo watakaosema sharti la OEM lenyewe ni la uonevu, na hapo nakubaliana nao. Mtu amelipia programu, madabodi imeungua, kwa nini alipie mara ya pili? Ujerumani swali la namna hii lilifika mahakamani, na mwaka 2000 mahakama ya juu ya huko iliamua kwamba Microsoft haiwezi kuzuia kopi zake za OEM zisiuzwe mbali na kompyuta. Tarehe 3 Julai 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaenda mbele zaidi katika kesi ya UsedSoft na Oracle: aliyenunua leseni ya kudumu anaweza kumuuzia mwingine, ila afute kwanza ya kwake. Kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazilinda programu za kompyuta, na ni sawa zilindwe, lakini mnunuzi naye anastahili kulindwa kwa maneno yaliyo wazi. Wabunge wetu wana la kujifunza hapo. Hata hivyo ubovu wa sharti haumpi fundi ruhusa ya kumwekea mteja kopi haramu bila kumwambia.

Asiyetaka kabisa habari za leseni za kulipia anao mfumo huria wa Linux, na Ubuntu ni mojawapo ya matoleo yake. Unauhamisha utakavyo bila kumwomba mtu ruhusa. Na siyo jambo la kigeni kwetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Nasikitika kwamba steshenari zetu nyingi hazijawahi hata kuijaribu njia hii.

Naiomba Tume ya Ushindani na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wawatake wauzaji wa kompyuta, mpya na za mtumba, waandike kwenye risiti aina ya leseni iliyomo ndani ya mashine. Mafundi wa Mbalizi nawaomba wabebe flashi yenye Home na Pro, na waulize kabla ya kufuta. Na wewe unayekwenda kununua kompyuta wiki hii, andika ufunguo wako kwenye karatasi, uweke pamoja na risiti, na umwambie fundi asiguse kitu mpaka mmesoma pamoja kile kiboksi cha slmgr.